Ukungu Nilioufuta

Jumatatu, 20 Januari

Picha sita za nyumba ya wageni ya njia ya Irente. Nne zimetoka. Mbili wino wa buluu umegoma, nimeziacha mpaka kesho. Katikati pasipoti za watu watatu. Mmoja alitaka nimwondolee chunusi. Nikamwondolea.

Picha za Irente huwa nazianza hivi: nafungua, naona weupe. Kiangazi hiki bonde lote la chini ni vumbi na moshi wa mashamba, mgeni anasimama pale mwambani haoni kitu zaidi ya viatu vyake. Ndipo nashika kile kidude cha kufuta ukungu kwenye kompyuta, nakivuta kulia polepole. Barabara ya lami inatokea. Mistari ya mkonge. Reli. Halafu tambarare mpaka macho yanapoishia. Miaka sita nafanya kazi hii na bado nikifika hapo nabana pumzi. Leo pia.

Baada ya kufuta, nakata. Kaniki, fundi seremala wa jirani, anatengeneza fremu za aina moja tu, ndefu na nyembamba, kwa vipande vinavyobaki kwenye vitanda. Aina nyingine haijui na hataki kuijua. Basi picha zangu zote zinakatwa, juu kidogo, chini sana. Chini huwa hakuna cha maana. Vichaka, mabati yenye kutu, ukungu uliokataa kufutika.

Alasiri akapita Mwalimu Luhanga, katibu wa kamati ya maji ya kitongoji cha shangazi yangu kule Mlola. Alikuja mjini kununua chaki. Mwaka jana niliwapa picha kubwa ya mteremko wao, bure, waiambatishe kwenye maombi ya mradi. Nilijiona mtu kweli kweli. Nikamuuliza maji vipi. Akasema bado wanachimba. Hakunitazama usoni.

Alhamisi, 23 Januari

Umeme umekatika asubuhi hadi saa nane. Nimefagia duka mara mbili. Jumamosi nitakwenda kwa shangazi.

Jumamosi, 25 Januari

Mlola. Jua kali, mahindi yamejikunja.

Shangazi Mwanahawa ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Sasa goti lake la kushoto limevimba, na bado anashuka mtoni kuchota maji asubuhi na jioni, kwa sababu hataki kuchotewa. Nilipompa shikamoo aliitikia huku ameshika ukuta. Nikajifanya sikuona. Yeye akajifanya hajui kwamba nimeona.

Nilipanda kwenye shimo. Watu wote wa kitongoji wamekuwa wakichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja, zamu kwa zamu, tangu Desemba. Shimo limewameza watu hadi mabegani. Udongo mkavu, mwekundu, unatiririka kama unga. Limezungukwa na mikaratusi tupu. Nikajiuliza ni nani mwenye akili zake anatafuta maji katikati ya mikaratusi, miti inayokunywa maji kuliko ng'ombe.

Halafu nikaingia ofisini kwa Mwalimu, shuleni. Picha yangu iko ukutani, imepigwa laminesheni. Juu yake duara la kalamu nyekundu. Duara limezunguka pale palipo kijani kuliko kote.

Mwalimu akasema, "Mhandisi wa mradi alipoiona hii alisema hapa ndipo penye uhai. Kamati nzima tukakubali."

Ile kijani niliiweka mimi. Kidude cha kufuta ukungu ukikivuta mpaka mwisho, kila kitu cha mbali kinakolea. Mkaratusi unakuwa kama msitu wa mvua. Nilijua hilo. Niliipenda hiyo kijani, nikaizidisha kidogo.

Nimekunywa chai ya shangazi, sikuonja ladha yake.

Jumapili, 26 Januari

Nimefungua duka ingawa ni Jumapili. Nimetafuta picha yenyewe, ile kabla sijaigusa. Haipo. Mwaka jana kompyuta ilijaa, nikafuta zote za zamani, nikabakiza zilizokamilika. Nilisema nani anahitaji takataka.

Nikachukua picha moja ya juzi ya Irente, nikavuta kidude kulia, nikarudisha kushoto. Kulia, kushoto. Kulia dunia inakuja, kushoto inaondoka. Siku zote nilitazama kinachokuja tu. Leo nimetazama kinachoondoka. Ukungu una maumbo. Una mahali mzito na mahali mwepesi, unafuata mikunjo ya milima, unaingia kwenye makorongo. Mimi nilidhani ni uchafu wa kioo.

Naogopa.

Jumatatu, 3 Februari

Mwalimu amepiga simu kuniomba picha nyingine, "iliyo wazi zaidi". Mhandisi amewapa muda. Mabomba yamelala kwenye uwanja wa shule toka Novemba. Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, kama hakuna maji, lori litakuja kuyabeba yapelekwe kijiji kingine ambacho chanzo chake tayari kinatoka. Hakuna mabomba mengine.

Nikasema nitaangalia. Nikakata simu. Sikumwambia.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia. Nilikwenda mwenyewe Mlola, nikarudi siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote amesimama mlangoni pa darasa, watoto wanaimba jedwali la saba nyuma yake. Kwamba kijani si ya mteremko, ni yangu. Kwamba picha nzima ilikuwa ndefu kwenda chini, na sehemu ya chini nimeikata kama ninavyokata zote, kwa kipimo cha fremu ya Kaniki.

Jedwali likaisha. Akasema, "Dada Zubeda, wale watu wamechimba wiki saba."

Hakunitukana. Ni heri angenitukana.

Kisha akauliza kwenye kile kipande nilichokata kulikuwa na nini. Nikasema nyumba za kitongoji, na vibonde viwili nyuma yake, na ukungu. Nikaona aibu kuyasema kwa mdomo. Nilikata watu wote wa pale. Nilimkata hata shangazi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia na shangazi. Alicheka mpaka akashika goti.

"Mimi niliwaambia toka mwanzo," akasema. "Wachimbe hapo nyuma, ukungu unapolala. Mama yangu alituonyesha. Wakasema bibi, hii ni kazi ya kitaalamu, kuna picha." Akanitazama. "Kumbe picha yenyewe ya kwako wewe."

Wazee wa huku wanasoma ukungu jinsi mimi nisomavyo mita ya kamera. Miezi ya baridi unalala kila mahali, lakini jua likishapanda unabakia pale ambapo ardhi ina maji chini yake. Hapo unachelewa kuondoka. Nilikulia nyumba hii, na hilo sikulijua. Nilikuwa nalala.

Tatizo ni vibonde viwili. Vimepakana nyuma ya nyumba, vyote vichaka, vyote vikavu kwa macho. Shangazi hajui ni kipi. Asubuhi za baridi akitoka uani anakuwa yuko ndani ya ukungu, kote kweupe, huoni unapoanzia. Mama yake alikuwa akisimama ng'ambo, kwenye kona ya barabara, ndipo akaona.

Kwenye kona ile ile nasimama mimi na kamera kila nikija kuwaona. Miaka sita. Na kila mara nimerudi mjini, nimeketi, nikaufuta.

Sasa ni kiangazi. Ukungu haurudi kabla ya Juni. Lori linakuja tarehe 28. Watu wana nguvu za shimo moja tu, na baada ya hapo Ramadhani inaingia.

Jumanne, 11 Februari

Nimepekua memori kadi zote. Kadi iliyokatika pembe. Kadi ya harusi. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Diski ya rafiki yangu wa Mlalo, niliyewahi kumrushia picha. Zote zimekatwa, zote safi. Nilikuwa na bidii ajabu.

Kuna bahasha moja tu niliyokuwa naitunza, ya picha zilizoharibika au kukataliwa na wateja. Nyuma ya kila moja huwa naandika MBOVU kwa kalamu nyeusi, nisije nikauza kwa bahati mbaya. Nimeifungua kwa mikono miwili. Pasipoti ya mtu aliyefumba macho. Bibi harusi asiye na kichwa.

Nimelia kidogo. Kaniki alichungulia, akajidai anatafuta futi yake.

Jumamosi, 15 Februari

Niandike polepole.

Nilikwenda kwa shangazi na dawa ya kuchua goti. Akasema niiweke ndani, kwenye meza ya kitandani. Chumba chake sijakiingia muda mrefu. Ni chumba cha mtu mzima, hukiingii hovyo. Dirisha dogo, giza.

Ukutani juu ya kitanda kuna picha.

Ni yangu. Niliitoa chapa miaka mitatu iliyopita kama jaribio la karatasi, nzima nzima, kabla ya kukata, kabla ya kufuta. Mteja mmoja aliiona akasema imejaa moshi. Ilikuwa karibu na Idi, sikuwa na zawadi, nikamletea shangazi nikasema nimemtengenezea. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka kwa fundi wa hapa hapa, akaitia kioo na ubao nyuma. Mimi nikasahau. Au nilitaka kusahau.

Nilisogeza pazia. Nikapiga magoti kitandani kwake na viatu, Mungu anisamehe.

Mteremko wote upo. Juu, mikaratusi, imefifia, ya kawaida kabisa, wala haina kijani ya kumlaghai mtu. Chini, nyumba. Nyumba ya shangazi yenye bati moja jipya. Na nyuma ya nyumba, ukungu. Jua limeshapanda kwenye picha hiyo, mteremko wote mkavu na wazi, ila pale. Unatoka kwenye kibonde cha kushoto, mahali pamoja padogo, kama mvuke unaotoka pembeni ya kifuniko cha sufuria. Halafu unapanuka na kufunika vibonde vyote viwili, njia, na nyumba hadi usawa wa bati. Lakini unaanzia pale tu. Mtu yeyote angeona. Mtoto angeona.

Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Nimepiga picha elfu za milima hii na sijawahi kuogopa mlima kwa heshima kama leo, kupitia kioo chenye alama za vidole vya shangazi yangu. Mlima ulikuwa unasema kila asubuhi ya baridi.

Nimeipiga picha hiyo picha, mara kumi na mbili. Nilitaka kuitoa kwenye fremu, nikakumbuka nyuma yake kuna neno moja kwa kalamu nyeusi. Ubao wa fundi umelifunika. Nikairudisha msumarini haraka.

Jumapili, 16 Februari

Kazi ya leo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na hakuna atakayeinunua.

Nimeitoa ile picha mara mbili. Ya kwanza kama ilivyo, ukungu wote. Ya pili nimeshika kidude, nikakivuta kulia kidogo tu, pale kibondeni, nione kilichojificha chini. Kikatokea kisiki cha mkuyu. Pembeni yake jiwe lenye mgongo mweupe. Ya kwanza inasema ukungu unaanzia wapi. Ya pili inasema ukifika utajuaje umefika. Kwa mara ya kwanza nimeufuta ukungu ili nijue ulikuwa umekaa wapi.

Sikukata kitu.

Jumanne, 18 Februari

Mhandisi amezitazama. Kijana mpole, macho mekundu kwa vumbi la barabarani. Nilimwambia na kosa langu, mbele ya kamati yote. Mzee mmoja akatema mate chini, akatoka nje. Ana haki. Wanawe watatu wamechimba lile shimo.

Mhandisi akauliza nani amesema ukungu unaonyesha maji. Mwalimu akasema, "Bi Mwanahawa." Wengine wakacheka. Mhandisi hakucheka. Alisema kwao Njombe bibi yake naye alikuwa na maneno kama hayo, na hakuwahi kumsikiliza. Akasema chimbeni, lakini tarehe yeye hawezi kuisogeza, si yake.

Msaragambo Jumamosi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimefunga duka. Pakiwa pakavu sitarudi Mlola tena, sitakuwa na uso.

Jumamosi, 22 Februari

Kisiki kilikuwepo. Jiwe lilikuwepo. Limeota ukoka, lakini mgongo ni ule ule mweupe.

Walikuja wachache. Niliomba jembe. Hakuna aliyenikatalia, wala aliyenikaribisha. Nikachimba na wanawake wa zamu ya kwanza. Mikono yangu ni ya dukani, saa moja tu ikatoka malengelenge. Udongo mwekundu, mkavu, unatiririka. Ule ule. Saa sita hivyo hivyo. Yule mzee alikuwa amekaa juu ya ukingo, ananitazama mimi, halitazami shimo.

Baada ya adhuhuri udongo ukageuka mweusi. Mama mmoja aliufinya kiganjani, ukabaki na alama za vidole vyake. Alimpa mwenzake. Ukapita mkono kwa mkono mpaka ukafika kwangu, baridi. Baridi, katika jua lile.

Kisha tope. Kisha mchimbaji akasimama, akainua mguu, na alama ya unyayo wake ikajaa. Polepole, yenyewe, kutoka chini. Maji. Akasogea hatua, na huo unyayo nao ukajaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo nitakalolikumbuka. Watu wazima zaidi ya ishirini wamezunguka nyayo mbili, kimya, kama watu walioingia msikitini. Maji yale yalikuwa hapo nilipokuwa mtoto nikicheza juu yake. Yalikuwa hapo kila nilipoyapiga picha. Yule mzee alishuka, akainama, akatia vidole, akapaka usoni. Ndipo kigelegele cha kwanza kikatoka.

Nilimpelekea shangazi kikombe. Alikuwa kwenye kigoda uani, amenyoosha goti. Akayatazama, ya kahawia, yametulia.

"Haya usiyafute tope ukayaharibu," akasema. Akanywa. Kisha akasema kwa Kishambaa, taratibu, "Hongea." Shukrani. Sijui alikuwa ananiambia mimi au anaambia kile kibonde.

Ijumaa, 28 Februari

Lori limekuja, limegeuza, limeondoka tupu. Mabomba yanabaki. Mhandisi ameomba nakala ya picha yenye ukungu, aitundike ofisini kwake. Ile ya duara jekundu Mwalimu ameitoa ukutani mwenyewe, akanikabidhi. Nimeiweka kwenye bahasha.

Jumapili, 6 Julai

Baridi kweli. Nimevaa masweta mawili.

Nimesimama kwenye kona ya barabara kabla jua halijapanda. Kote kweupe, kitongoji hakionekani. Nikangoja. Jua lilipofika mteremko ukafunguka kuanzia juu, mikaratusi, mashamba, mapaa, isipokuwa pale. Pale ulibaki, unatoka kibonde cha kushoto, mdogo, hauna haraka. Bomba silioni. Nilisikia ndoo ikijaa, na mwanamke akimwita mwenzake alete nyingine. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilipiga moja tu. Nitaitoa nzima. Kaniki amelalamika fremu haitaenea, nimemwambia safari hii atakata mbao, si mimi.

Nikashuka kwa shangazi. Bomba liko hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwake, goti limepungua uvimbe, anawasimamia watu wanaochota utafikiri ni mali yake. Tulikunywa chai ya tangawizi. Niliona siwezi kuendelea kulibeba lile jambo. Nikamwambia ile picha ya chumbani sikumtengenezea. Ilikataliwa na mteja, nikampa kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

"Najua," akasema. "Nyuma uliandika MBOVU. Nilisoma mpaka darasa la nne mimi."

Nikamuuliza basi kwa nini aliitia kioo.

"Za kwako zote nimeziona, nzuri," akasema. "Ile tu ndiyo ina nyumba yangu."

Akanimiminia chai nyingine. Nje mtu alifunga bomba, kisha akalifungua tena.